Kitabu Kinaposomwa kwa Sauti

Mhakiki amezoea kukaa na kitabu peke yake. Hukifunua, hukipigia mistari, hurudi nyuma pale aliposhuku, na mwisho hutoa hukumu yake kwa ushahidi wa jicho. Katika makala haya nataka kutoa hukumu za namna nyingine. Nitasema juu ya vitabu sita vya Kiswahili, vitatu vya kubuni na vitatu vya habari za kweli, ambavyo safari hii sikuvisoma bali nilivisikiliza vikisomwa. Wala sikuvisikiliza peke yangu. Nilivisikiliza Chilangala, katika nyanda za juu za Newala, pamoja na mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye miaka minne iliyopita aliondokewa na nuru ya macho kwa ugonjwa wa presha ya macho.

Wanaotujua Wamakonde wanajua mjomba ni nani kwetu. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaingia shule, na kwa sababu hiyo nina deni kwake ambalo shahada zangu haziwezi kulilipa. Alikuwa msomaji wa kalamu ya risasi mkononi. Ukifunua kitabu chake chochote utakuta pambizoni ugomvi wake na mwandishi: hapa ameandika kuwa si kweli, pale ameuliza kwa nini, na mahali pengine ameweka alama moja tu ya kupendezwa. Alipopofuka hakulalamika, ila alifunga kasha la vitabu na ufunguo akampa shangazi. Shangazi aliponieleza jambo hilo, niliona haya kwamba mtu anayelipwa mshahara kwa kusoma vitabu hajamsomea mtu wake hata ukurasa mmoja.

Basi niliwaomba baadhi ya wanafunzi wangu wasome vitabu nilivyovichagua, wakavisoma katika simu zao kwa ajili ya msikilizaji huyu mmoja asiyeona, si kwa kuuza wala kutangaza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umekwisha kutambua ya kuwa wasioona wana haki ya kutengenezewa nakala wanazoweza kuzitumia. Sauti hizo nilizitia katika kadi ndogo, na kadi nikaichomeka katika redio ya mkononi inayopata nguvu ya jua. Ilikuwa likizo ya Julai, wakati mikorosho inapopuliziwa salfa. Mchana mashine zilivuma hata neno halisikiki. Kwa hiyo tulisikiliza jioni barazani, baada ya sahani ya ming'oko, upepo wa bonde la Ruvuma ukitupuliza.

Asije mtu akadhani ya kuwa jambo hili ni geni katika nchi ya kusini. Edward Steere, aliyechapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozisikia Unguja, ndiye aliyewaongoza watumwa waliokombolewa hata Masasi mwaka 1876. Yeye alitoa hadithi kinywani akazitia kitabuni. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala na fonografu yake, akanasa sauti za watu wetu katika mitungi ya nta, kisha akaenda nazo kwao. Yeye alitoa sauti kinywani akaitia katika chombo. Kitabu cha kusikilizwa kinaunganisha kazi za wawili hao kwa njia ya kinyume, maana hutoa maneno kitabuni, huyatia katika chombo, na kuyarudisha sikioni. Uingereza ilianza kuwatolea wasioona vitabu vya namna hii katika sahani za santuri mwaka 1935. Sisi tumechelewa, lakini hatukuanzia patupu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ni hadithi ya Karama, aliyeshtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye akajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi darasani ya kuwa udhaifu wa kitabu hiki ni kurudiarudia: mjumbe huenda, huteseka, hurudi, hufungwa, na msomaji hukwisha kuujua mwisho kabla ya mwanzo. Sasa nakiri ya kuwa hukumu ile ilikuwa ya jicho. Sikioni marudio yale hayachoshi. Kila mjumbe anaporudi, msikilizaji huanza kutumaini tena ingawa anajua litakalotokea, na kila kifungo huongeza uzito juu ya kile kilichotangulia. Ilipofika safari ya nne mjomba alikuwa akiitikia kwa kichwa kabla msomaji hajamaliza sentensi. Karama anasema mbele ya baraza, na hotuba imeundwa kwa ajili ya baraza. Sisi tulikuwa baraza lake.

Msomaji wa kitabu hiki, kijana wa kiume, alikuwa na ila moja kubwa. Alikisoma kama anayesoma taarifa ya habari: kila sentensi ilishuka mwishoni kwa mlio ule ule. Sentensi za Shaaban Robert ni ndefu na zina mizani. Nusu ya kwanza huinua kitu na nusu ya pili hukipokea. Akitokea msomaji anayezikata kwa pumzi yake mwenyewe badala ya pumzi ya mwandishi, mizani huvunjika na maneno hubaki kama vigae. Mjomba alisema, "Huyu mtoto ana sauti nzuri, lakini anasoma kama ana gari linamngoja."

Cha pili kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958. Ndicho kilichomleta Bwana Msa na kiko chake katika fasihi yetu. Nilitazamia ya kuwa hadithi ya upelelezi ndiyo itakayofaa sikio kuliko zote. Nilikosea. Uzuri wa hadithi za namna hii ni kwamba mwandishi huficha jambo dogo mahali pa wazi, na msomaji anapofika mwisho hurudi kurasa za nyuma kuhakikisha kama alitendewa haki. Sikio halina kurasa za nyuma. Mara mbili mjomba aliniamuru nisimamishe redio, akauliza nani alikuwa wapi na saa ngapi, na mara zote mbili mimi, daktari wa fasihi, sikuwa na hakika.

Hata hivyo kitabu hiki ndicho kilichotuchekesha. Mazungumzo yake ni Kiunguja cha watu wanaokijua, na msichana aliyekisoma ni mtu wa Unguja. Hakuigiza. Hakumfanyia mzee sauti ya kukwaruza wala mwanamke sauti ya kulia. Aliyaacha maneno yenyewe yamtambulishe msemaji. Ndivyo inavyopasa. Msomaji anayebadili sauti kwa kila mtu huwa amejifanya mchezaji wa tamthilia ambayo haikuandikwa, na msikilizaji huanza kumsikiliza yeye badala ya kitabu.

Cha tatu kilikuwa Nagona cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Hiki nilikitia kwa kusitasita. Ni kitabu chembamba kilichoacha kwa makusudi njia ya riwaya zilizotangulia. Matukio hayafuatani kwa sababu na matokeo, na anayekisafiria hujikuta katika nchi ya maswali. Nilikuwa nimeandaa hukumu yangu mapema: kwamba kitabu cha namna hii ni cha jicho tu, maana kinahitaji kusomwa polepole, kuwekwa chini, na kurudiwa. Tulikisikiliza chote, mjomba hakusema neno. Nikadhani amelala. Redio ilipokwisha alisema, "Rudisha mwanzo." Tulikisikiliza mara tatu katika siku tano.

Nilimwuliza ameelewa nini. Akanijibu, "Mpwa wangu, wewe unataka nikueleze kama mtihani. Tangu nimepoteza macho mimi ninakaa mahali kama pale. Sauti zinakuja, sijui zimetoka wapi, zinasema jambo, zinaondoka. Huyu bwana alikuwa anaona, amejuaje?"

Sina jawabu la swali lile, wala sidhani ya kuwa linatosha kuwa nadharia. Lakini limenifundisha ya kuwa ugumu wa kitabu na ugumu wa kukisikiliza si kitu kimoja. Riwaya ya upelelezi, iliyo nyepesi kwa jicho, ilikuwa nzito kwa sikio, kwa sababu inadai kumbukumbu. Nagona, iliyo nzito kwa jicho, haidai kumbukumbu ila inadai utulivu, na utulivu mtu asiyeona wa Chilangala anao kuliko mwanafunzi wa Dar es Salaam.

Sasa nije katika vitabu vya habari za kweli. Cha kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad, aliouandika Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi. Aliuza vyungu, akahamia mjini, akawa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenziwe kutia nyimbo katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Katika kitabu hiki kusikiliza kulizusha upungufu ambao kusoma kulikuwa kumeuficha. Huu ni wasifu wa sauti, na sauti yenyewe haimo. Jicho halioni kasoro hiyo, kwa kuwa jicho halitazamii kusikia. Sikio hutazamia. Kila mwandishi anapousifu uimbaji wake, mjomba alikaa mkao wa mtu anayengoja wimbo uanze, na wimbo haukuanza. Msomaji akaendelea na sentensi ya pili.

Ningalikuwa mtengenezaji wa vitabu hivi, ningaliomba ruhusa ya wenye haki, nikatia mahali panapostahili sehemu ya santuri ya Siti mwenyewe. Sisemi ya kuwa kila kitabu kipambwe kwa muziki. Nimepata kusikia masimulizi ambamo ngoma na vinanda hupigwa nyuma ya msemaji tangu mwanzo hata mwisho, kana kwamba maneno peke yake ni uchi, na hayo nayachukia. Nasema muziki uingie pale tu ambapo kitabu kinauzungumzia.

Cha pili ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, ambayo mwenyewe aliyasimulia kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayatoa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Yakachapwa tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki miaka ya 1958 na 1959. Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote niliyoyasikia Julai ile. Kitabu hiki ni masimulizi ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kimesimuliwa kwa utulivu wa mtu anayehesabu mali yake. Habari zake ni za njia za Tabora, Ujiji na Manyema, wala si za njia zetu. Lakini nchi yetu ina kumbukumbu zake: misafara ya kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita kusini, na wazee wa uwanda huu husema ya kuwa watu walikimbilia juu huku, pasipo na maji, ili wasishikwe.

Msomaji wa kitabu hiki alikuwa hodari kuliko wote. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mapumziko mahali pake, na kicheko kidogo palipo na werevu. Kwa ustadi ule alimfanya Tippu Tip apendeke. Tulikwenda naye safari zake, tukafurahia hila zake, tukamtakia afike salama. Kisha mjomba alinyoosha mkono, akaizima redio mwenyewe. Akasema, "Tumekuwa wapagazi wake."

Jambo hili nimelifikiri sana. Kitabu kilichochapwa kina umbali ndani yake. Msomaji hujua ya kuwa ana karatasi mbele yake, naye huweza kuweka pambizoni alama ya kutokubali. Sauti nzuri huondoa umbali huo. Hukaa karibu na sikio kama rafiki, na rafiki hapewi mtihani. Je, msomaji alipaswa kusoma vibaya, au kwa sauti ya lawama? Hasha. Msomaji anayemlaumu mwandishi kwa mlio wa sauti huwa amemghushi. Lakini kile kicheko kidogo hakikuwamo kitabuni; alikitia yeye. Alipaswa kusimulia kwa utulivu ule ule wa maandishi, pasipo joto la kwake, na utulivu huo wenyewe ungalitutisha. Kitabu cha namna hii pia kingefaa kutanguliwa na dibaji fupi ya kusomwa, ya kueleza aliyesimulia ni nani na walionyamaza ni nani.

Cha tatu ni Mzee Rukhsa, kumbukumbu za maisha ya Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, zilizotoka mwaka 2021, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Kwetu sauti ya Mwinyi si sauti ya kubuni; watu wa rika la mjomba waliisikia redioni kwa miaka 10. Msomaji, kwa kutaka kutufurahisha, alijaribu kuiiga. Dakika chache za kwanza tulicheka. Baadaye ikawa adha, maana kila mwigo ulitukumbusha ya kuwa mwenyewe hayupo. Kumbukumbu za mtu zinaposomwa na mwingine, msomaji hana budi kusimama kama mjumbe anayewasilisha barua. Barua ni ya mwenyewe, sauti ni ya mjumbe, na hakuna anayedanganywa.

Jambo moja zaidi kuhusu kitabu hiki. Msomaji wake ni kijana wa Masasi, aliyejitahidi kuficha lafudhi ya kwao. Mjomba alimtambua kabla ya sura ya kwanza kwisha, akauliza, "Huyu ni mtoto wa huku. Anamficha nani?" Naona swali hili lina haki. Ufasaha wa Kiswahili ni usahihi wa maneno na sarufi na kueleweka kwa matamshi. Si wajibu wa kila mtu kujifanya amezaliwa mjini. Lafudhi ya kusini katika habari za nchi nzima haimpunguzii mwandishi heshima.

Kwa ujumla wa haya, nathubutu kusema ya kuwa kitabu cha kusikilizwa kina watu watatu ambapo kitabu cha kusomwa kina wawili. Yupo mwandishi, yupo msikilizaji, na kati yao yupo msomaji. Huyu wa katikati tumezoea kumsifu kwa sauti yake tu, kama asifiwavyo mwadhini au mtangazaji. Ningependa tumhukumu kwa mambo matatu: kama anafuata pumzi ya mwandishi, kama anajizuia asitie yaliyo yake, na kama anajua kitabu kinamwendea nani. Wa kwanza wetu alikosa la kwanza. Wa Tippu Tip, mwenye sauti bora kuliko wote, alikosa la pili. Msichana wa Unguja aliyapata yote matatu, ingawa kitabu chake chenyewe hakikufaa sana sikio. Majarida yetu huhakiki vitabu vinavyochapwa. Vinavyosomwa kwa sauti navyo vihakikiwe, maana msikilizaji ni mwepesi wa kuamini kuliko msomaji.

Usiku wa mwisho nilimwuliza mjomba kama redio ile imemrudishia vitabu vyake. Alifikiri kitambo. Alisema imemrudishia waandishi, lakini haijamrudishia kalamu ya risasi. Ndipo aliponikumbusha mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo takriban watu milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio. Yeye alikuwa mwalimu kijana, akasimamia kikundi kimoja. Redio ilisema, kisha ikazimwa, na watu wakabishana hata wakakubaliana watakalotenda. "Kile kubishana," alisema, "ndiyo iliyokuwa pambizo yetu."

Nimemwachia redio na kadi. Vilevile nimemwomba binti wa jirani, aliye kidato cha pili, afike barazani kila Jumamosi jioni, aizime redio mjomba anaponyoosha mkono, na aandike katika daftari yale atakayoyasema. Daftari la kwanza limenifikia. Juu ya Karama ameandikiwa kwamba alisema kweli, lakini alichelewa kuisema. Na juu ya Nagona imewekwa alama moja tu ya kupendezwa. Mjomba pia ameagiza kwamba yule msomaji wa Tippu Tip apewe kitabu kingine, asome upya, bila kucheka.